Kinachobaki Mwuzaji Akisha Kuondoka

Mnunuzi wa nyumba katika mji wa Bunia, akisha kuuliza habari za hati na habari za mipaka ya kiwanja, hutaka kujua kama nyumba ina umeme. Na jibu lolote apewalo, liwe ni waya wa mtandao upitao barabarani, au paneli za sola zilizofungwa juu ya mabati, au jenereta iliyofunikwa turubai nyuma ya jiko, huingia katika bei papo hapo, na makomisioneri, yaani madalali wa nyumba, hulitangaza kwa sauti ile ile wanayotangazia chumba cha ziada au kisima chenye maji mwaka mzima. Lakini swali ambalo lingepasa kulifuata hilo, yaani nyumba yenyewe inahitaji umeme kiasi gani ili watu wakae humo kwa raha, na inakula magunia mangapi ya makala kwa mwezi, na jua la saa nane mchana likiipiga, ndani kunakuwaje, halisikiki ila kwa nadra sana. Mimi ambaye kazi yangu ni kukadiria thamani za nyumba na viwanja nimekwisha kuziona nyumba mbili za mtaa mmoja, za vyumba sawasawa na kiwanja sawasawa, moja ikiwa na mwanga na hewa njema mchana kutwa, na nyingine ikiwa haikaliki baada ya adhuhuri, zikatajiwa bei moja, kwa kuwa zote mbili zilikuwa na waya mlangoni.

Ninalotaka kulisema katika safu hii ni kwamba soko la nyumba la Bunia hulipa kwa ukarimu kwa ajili ya umeme, wala halilipi kitu kwa ajili ya nyumba ijuayo kuutumia kidogo; na kwamba asili ya jambo hili si ujinga wa wanunuzi, kama wanavyodhani wengi wajao kutufundisha, bali ni hesabu, tena hesabu sahihi, ambayo watu wa mji huu wamefunzwa na miaka waliyoipitia. Asiyeifahamu hesabu hiyo atatuhubiria juu ya taa na majiko mpaka achoke, na bei za nyumba hazitasogea.

Katika nchi za Ulaya jambo hili limekwisha kupata sheria na tarakimu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 liliziwajibisha nchi wanachama kuweka cheti cha matumizi ya nishati kwa nyumba zinazojengwa, zinazouzwa na zinazopangishwa, cheti ambacho katika nchi nyingi huipa nyumba herufi kuanzia A mpaka G. Na wataalamu wawili, Dirk Brounen na Nils Kok, walipoyachunguza mauzo ya nyumba za Uholanzi na kuyachapisha matokeo yao mwaka 2011, walikuta kwamba nyumba zenye herufi za juu ziliuzwa kwa bei iliyozidi kwa karibu asilimia 4 bei ya nyumba zilizofanana nazo kwa mambo mengine. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2018 mwenye nyumba katika England na Wales hana ruhusa ya kufanya mkataba mpya wa kupangisha nyumba yenye herufi F au G, isipokuwa kwa udhuru uliotajwa na sheria; na Ufaransa nayo imezizuia nyumba za herufi G zisipangishwe upya tangu Januari 2025. Karibu na sisi zaidi, mjini Nairobi, kampuni ya Acorn ilikusanya mwaka 2019 shilingi bilioni 4.3 za Kenya kwa hatifungani ya kijani, ili kujenga mabweni ya wanafunzi yanayopimwa kwa kipimo kiitwacho EDGE, ambacho hulitaka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, na kiasi hicho hicho cha maji, na cha nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vyake. Katika mifano hii yote kipimo kilitangulia na bei ikafuata nyuma yake. Hapana mahali ambapo mnunuzi aliongeza fedha kwa ajili ya faida asiyoweza kuisoma kwenye karatasi.

Walakini si halali kuzichukua tarakimu za Uholanzi na kuzishusha Bunia kama zilivyo. Nishati ya nyumba ya Mholanzi kwa sehemu yake kubwa ni moto wa kumkinga na baridi ya miezi mingi, ilhali mji wetu uko takriban mita 1,270 juu ya usawa wa bahari, digrii moja na nusu kaskazini ya ikweta, na hewa yake ni ya wastani kiasi kwamba hapana mtu ahitajiye mashine ya kumpasha joto wala, akiwa amejengewa vizuri, mashine ya kumpoza. Nishati ya nyumba ya Bunia ni mambo matatu: mwanga wa usiku pamoja na vyombo vidogo viendavyo nao, kama simu, redio na televisheni, moto wa kupikia, ambao kwa nyumba nyingi ni makala au kuni, na hari ishukayo kutoka kwenye bati mchana, ambayo haionekani katika hesabu ya fedha lakini huonekana katika usingizi wa watoto na katika kazi ya mtu anayeshinda nyumbani kwa cherehani au kwa duka dogo la dirishani.

Waswahili wa pwani waliijua hari hii, wakaikabili kwa ujenzi. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilijengwa kwa viambaza vinene vya mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazikuweza kuvuka upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Na kule katikati kukawa na ua ulioingiza mwanga na kuitoa hewa ya moto juu. Huku Ituri nako, nyumba ya udongo na majani ilikuwa na baridi mchana na joto usiku, bila gharama yoyote ya baadaye. Bati lilipokuja liliyashinda majani kwa sababu za haki kabisa: haliungui upesi, halivuji likipigiliwa vizuri, halihitaji kubadilishwa kila baada ya misimu michache, na tena humpa mwenyewe heshima mbele ya majirani. Nami silitukani bati. Kosa lililofanyika ni kwamba bati lilipokelewa peke yake, bila dari chini yake na bila tundu la kuitoa hewa ya moto. Hivyo katika mitaa ya Nyakasanza, na Mudzipela, na Lumumba, na Bankoko, zimejaa nyumba za matofali mazuri ya kuchoma, zilizogharimu kuni nyingi na saruji iliyosafiri kutoka Uganda, ambazo mtu akiingia saa nane mchana hukimbilia chini ya mwembe.

Ama habari za umeme wenyewe, haifai kuzisimulia bila kutaja dhahabu. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Kituo cha umeme cha Budana, juu ya mto Shari, kilijengwa katika enzi ya ukoloni kwa ajili ya mashine za migodi hiyo, wala si kwa ajili ya taa za raia. Mji ulipata kilichosalia. Kwa upande mwingine, mabwawa makubwa ya Inga, ambayo la kwanza lilianza kazi mwaka 1972 na la pili mwaka 1982, yako takriban kilomita 2,000 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, na waya zake hazijapata kufika Ituri. Nchi nzima ya Kongo ina karibu mtu mmoja tu kati ya watano mwenye umeme. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliifungua sekta hii kwa makampuni ya watu binafsi, na matunda yake ya mwanzo yameonekana kwa jirani zetu wa Kivu: Virunga Energies na kituo chake cha Matebe mwishoni mwa mwaka 2015, kisha kampuni ya Nuru na kituo chake cha jua cha megawati 1.3 mjini Goma mwaka 2020. Nuru hiyo hiyo ilitangaza mwaka 2023 kwamba imepata zaidi ya dola milioni 40 za kujenga vituo vya jua katika Goma, Kindu na Bunia.

Mahali ambapo umeme hutolewa bila mita, kwa malipo ya jumla ya kila mwezi, yaani kwa forfe, mtindo ambao umeenea sana katika miji ya Kongo, matumizi haba hayana thamani yoyote, na hapo mwanauchumi hana budi kukubaliana na mpishi. Mtu anayelipa kiasi kile kile akiwasha taa moja au kumi, akipikia resho la umeme kutwa nzima au asipike kabisa, atakuwa mjinga akinunua taa ya ghali ili apunguze kitu kisichomgharimu. Naye hutenda kwa akili anapoliacha resho likiwaka, ingawa akili yake hiyo, ikizidishwa kwa nyumba zote za mtaa, ndiyo inayolishusha umeme mpaka taa zikawa nyekundu, na ndiyo inayoleta delestaji, yaani kukatwa kwa umeme, kila jioni. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa kwa hekima na nyumba iliyojengwa ovyo hulipa forfe moja, na soko, ambalo halioni ila kilicholipwa, huziweka pamoja.

Penye sola, mambo hugeuka, kwa kuwa jua halina forfe: kila wati inayopotea imenunuliwa kwa fedha taslimu, katika paneli na katika betri. Hebu tuifanye hesabu. Chukua nyumba yenye taa sita ziwakazo saa tano kila usiku. Zikiwa za zamani, zile za waya unaowaka, za wati 60 kila moja, zitakula wati-saa 1,800. Zikiwa za LED za wati 8, zitakula 240. Ongeza televisheni ya wati 60 kwa saa nne, nayo ni 240 nyingine, na simu na redio tuzipe 100. Nyumba ya kwanza inahitaji wati-saa 2,140 kwa siku, na ya pili 580. Paneli ya wati 100, kwa jua la hapa kwetu na baada ya kuondoa kile kipoteacho katika joto, vumbi, waya na betri, hutoa takriban wati-saa 300 hivi kwa siku ya wastani, pengine kidogo zaidi. Nyumba ya kwanza basi itahitaji paneli saba, na ya pili itatosheka na mbili, na uwiano wa betri zake utakuwa huo huo, nayo betri ndiyo ifayo mapema na kununuliwa tena. Wakazi wa nyumba hizi mbili wanaona mwanga ule ule, wanatazama habari zile zile. Lakini komisioneri anapomleta mnunuzi, humsimamisha barabarani na kumhesabia paneli zilizo juu ya bati, na nyumba ya paneli saba huitiwa bei kubwa, ilhali zile tano za ziada ni ushahidi wa upotevu uliomo ndani. Sijui mfano ulio bayana kuliko huu wa soko linalomlipa mtu kwa kasoro ya nyumba yake.

Sasa nije kwenye lile ambalo naliona kuwa ndilo kiini. Matumizi haba ya nishati ni faida inayolipwa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka. Na kila faida ya namna hiyo hupimwa kwa urefu wa muda ambao mtu anatumaini kuwapo ili aipokee. Tuseme mwenye nyumba anatumia dola 700 kwa dari, madirisha mapana, bati la kupitisha mwanga juu ya ukumbi, waya zilizofungwa na fundi anayejua kazi, na jiko la nje lililojengwa kwa bomba la moshi na mahali pakavu pa kuwekea makala. Na tuseme kwamba mambo haya pamoja yanamwokolea dola 10 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 120. Mtu anayeamini kwamba atakaa humo miaka kumi ataona mbele yake dola 1,200, na hata akizipunguza kwa sababu fedha ya kesho si sawa na ya leo, bado ataona faida. Mtu anayejihesabia miaka mitatu tu ataona dola 360, na kwake kazi ile ni hasara ya karibu nusu ya mtaji. Dari ni ile ile, na fundi ni yule yule. Kinachozitenganisha hesabu hizi mbili ni matumaini.

Na watu wa Bunia wamepewa sababu gani ya kujihesabia miaka kumi? Vita vya mwaka 1999 mpaka 2003 viliugawa mji kwa mitaa. Mapigano ya Mei 2003 yaliwakimbiza wakazi wake kwa maelfu, hata ikaletwa kikosi cha Umoja wa Ulaya, Artemis, kilichokaa tangu Juni mpaka Septemba ya mwaka huo. Tangu Desemba 2017 mauaji yalirudi katika Djugu, na kambi za wakimbizi wa ndani zikajaa pembezoni mwa mji. Na tangu Mei 2021 jimbo zima la Ituri limewekwa chini ya hali ya kuzingirwa, likitawaliwa na wanajeshi. Katika vijiji vilivyoshambuliwa, mabati yenyewe yaling'olewa na kubebwa. Mtu aliyeyaona hayo, au aliyelelewa na mama aliyeyaona, hununua nishati ya namna moja tu: ile inayofunguliwa kwa spana, ikafungwa nyuma ya pikipiki, ikavushwa ziwa kutoka Kasenyi au Tchomia mpaka Uganda, na huko ikawasha taa tena au ikauzwa. Paneli hubebeka, na betri hubebeka kwa taabu. Dari haibebeki, wala kiambaza kinene, wala dirisha lililoelekezwa upande wa upepo. Ndiyo sababu mji wetu umejaa paneli na umepungukiwa na dari, na ndiyo sababu siwezi kuwaunga mkono wale wasemao kwamba watu hawajaelimishwa. Wameelimishwa sana, na kwa gharama kubwa mno, nami naionea uchungu elimu hiyo kila ninapoingia katika nyumba mpya nzuri nikaona mwanga wa bati ukichungulia juu ya chumba cha kulala.

Ikiwa ni hivyo, basi lirefushalo matumaini ndilo litakaloipandisha thamani ya nyumba yenye matumizi haba, na katika hayo, ukiacha amani ambayo haimo mikononi mwa mkadiriaji, la kwanza ni hati. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni milki ya Dola, na raia hupewa haki ya kuitumia, haki ambayo huthibitishwa na cheti cha usajili kitolewacho na mhifadhi wa hati za ardhi. Na cheti hicho kikisha kutimiza miaka miwili hakiwezi kushambuliwa mahakamani. Hata hivyo viwanja vingi mno vya Bunia vinauzwa kwa fishi ya kiwanja na karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mkuu wa mtaa, na wenye karatasi hizo wanajua kwamba mtu mwingine aweza kutokea na karatasi iliyo kongwe kuliko yao. Mtu wa namna hiyo hujenga upesi ili aonekane amekaa, kisha husimama. Hatii dari, kwa kuwa dari haimwongezei ushahidi wa umiliki. Kwa hiyo nikimshauri mtu aliye na dola 700 na asiye na cheti, humwambia aanze na cheti, na hilo nalihesabu kuwa ni shauri la nishati kama lilivyo shauri la sheria.

Kuna jambo jingine lililotengeneza mawazo ya wajenzi wetu. Tangu mwaka 2003, ujumbe wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada walipofika kwa wingi, palitokea wapangaji waliolipa ijara kwa dola na waliokuwa na fungu la mafuta katika bajeti zao. Wapangaji hao walitaka ukuta mrefu, tangi la maji, na kibanda cha saruji cha kuwekea jenereta kubwa. Hawakuuliza kama chumba kina hewa, kwa kuwa walikuwa na mashine ya kukipoza na dizeli ya kuiendesha. Wenye mali wakajenga kwa kipimo hicho, na kipimo hicho kikawa ndicho sura ya nyumba bora machoni pa mji mzima, hata kwa yule ambaye hataweza kununua lita ishirini za dizeli. Mashirika yakipungua, na wapangaji wa namna hiyo wakiondoka, nyumba hizo hubaki na ukubwa unaokula na umaridadi usiokalika bila injini, na wenyewe hushangaa kwamba raia wa kawaida hazitaki hata kwa nusu ya ijara ya zamani.

Raia huyo wa kawaida naye ana shida yake na mwenye nyumba, kwa kuwa alipaye makala na umeme ni mpangaji, na awezaye kuijenga nyumba upya ni mwenyewe. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba imeiwekea garanti, yaani amana atoayo mpangaji, mpaka wa miezi mitatu kwa nyumba za kukaa, nayo ni sheria ya huruma. Lakini haikumpa mwenye nyumba sababu ya kumtilia mpangaji dari. Njia ninayoiona kuwa inafaa, na ambayo watu wetu wanaijua tayari kwa mambo ya choo na ya ukuta, ni kukubaliana kwa maandishi kwamba mpangaji aifanye kazi kwa fedha zake na kuikata katika ijara kwa miezi iliyotajwa. Hapo mpangaji hupata raha mara moja, na mwenye mali hubaki na dari.

Na hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa na jicho kali, kwa sababu sheria zetu, kama zilivyo sheria za mataifa mengi, hugawanya mali katika ile inayohamishika na ile isiyohamishika. Kilichojengwa kikashikamana na ardhi huuzwa pamoja nayo, lakini paneli iliyofungwa kwa skrubu nne, na betri iliyowekwa juu ya meza, ni vitu vya kugombewa, na migogoro niliyoishuhudia baada ya mauzo mara nyingi imetokana na mnunuzi aliyelipia nyumba yenye taa akakabidhiwa nyumba yenye giza. Muandiko wa mauzo utaje vitu hivyo kimoja kimoja, na bei yao iandikwe mbali na bei ya nyumba, kwa kadiri ya umri wao. Betri ya risasi iliyotumika miaka mitatu haina thamani ila ya chuma chakavu, hata iwe imefutwa vumbi namna gani. Waya nazo zikaguliwe darini, kama dari ipo, na pasiwe na mazungumzo ya bei mpaka mnunuzi ahakikishe kwamba nyumba imeunganishwa na ardhi kwa nondo na waya wa shaba, kwani mashariki ya Kongo ni katika sehemu za dunia zipigwazo mno na radi, na nyumba isiyo na kinga hiyo hupoteza kwa dhoruba moja ya Oktoba vyombo vyote ambavyo bei yake imeingizwa katika bei ya nyumba.

Umeme wa mita ukienea Bunia, kama ulivyoenea katika sehemu za Goma, mita ya kulipia kabla itafanya kazi ambayo mahubiri hayakuweza kuifanya, kwa kuwa itamwonyesha kila mkaaji, kwa tarakimu zinazoshuka mbele ya macho yake, kile ambacho resho lake na taa zake zinakula. Mwanzoni natarajia kwamba viwanja vilivyo karibu na waya vitapanda bei vyote pamoja, vyema na vibaya, na makomisioneri watazidi kutangaza waya. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili kutakuwa na familia zinazonunua umeme mara mbili ya majirani zao kwa mwanga ule ule, na habari hizo katika mji kama huu hazifichiki. Wakati huo mnunuzi wa nyumba iliyo kwenye mtandao amwombe mwuzaji risiti za mita za miezi kumi na miwili, azilinganishe na idadi ya watu waliokaa humo, na kuziambatisha kwenye karatasi za mauzo. Komuni tatu za mji, yaani Mbunya, Nyakasanza na Shari, zikitaka kusaidia, zaweza kuongeza mistari miwili tu katika fishi ya kiwanja: mmoja wa kueleza kama nyumba ina dari na waya zilizokaguliwa, na mwingine wa kuandika wastani wa umeme ilioununua kwa mwezi katika mwaka uliotangulia.